Nguo Mikononi mwa Wajane

Andiko la somo: Matendo ya Mitume 9:36–42



Juma lililopita tulimzika mama yetu tuliyemwita Shosho tu. Wengi wetu tulisoma jina lake kamili kwa mara ya kwanza kwenye programu ya mazishi, na mimi mchungaji wenu nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo leo tusome Neno tukiwa bado na jambo hili moyoni.

Twende Yafa, mji wa bandari. Hapo aliishi Tabitha, yaani Dorkasi, maana yake paa. Luka anamwita mwanafunzi, na neno la Kigiriki alilotumia, la mwanafunzi wa kike, halipatikani kwingine katika Agano Jipya. Lakini tafuta maneno ya Dorkasi mwenyewe, hutapata hata moja. Hatuambiwi alihubiri wala alikuwa na cheo. Tunaambiwa matendo mema na sadaka.

1. Matendo yake yalishikika kwa mkono

Petro alipofika kutoka Lida, wajane walimzunguka wakilia. Hawakutoa hotuba. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea Dorkasi. Kumbuka, kule Yerusalemu kuna wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6:1). Wa Yafa walikuwa na mtu aliyewakumbuka.

Nasi tuliona hivyo kwenye matanga. Mama mmoja aliinua sweta ya mtoto wake, imefumwa na Shosho. Kijana mmoja akasema nauli ya kwenda mtihani ilitoka kwake. Ndugu mwingine aliyepoteza kazi alikuwa akikuta pakiti ya unga mlangoni kila Ijumaa. Alidhani ni kanisa, hata akawa anamshukuru shemasi! Nilirudi ofisini nikaangalia vitabu vyetu vya pesa. Wapendwa, kanisa halikununua unga ule hata siku moja. Hiyo ndiyo Mathayo 6:3–4, mkono wa kushoto haukujua.

2. Mungu ana daftari lake

Nilisomea biashara, na napenda hesabu. Kila baada ya miezi mitatu naandikia wazee ripoti: waliohudhuria, waliookoka, waliobatizwa, sadaka. Ripoti hiyo haina mahali pa kuandika aliyefungua kanisa saa kumi na mbili asubuhi, akafagia, akapanguza viti, akaosha vikombe vya Meza ya Bwana. Mimi sikuandika. Lakini Waebrania 6:10 inatuhakikishia kwamba Mungu hasahau kazi wala upendo wanaohudumiwa nao watakatifu.

3. Tusiangalie kazi tukamsahau mtu

Hili ni gumu, lakini nitasema ukweli. Shosho alikosa Jumapili tatu. Ya kwanza, tulilalamika viti vina vumbi. Ya pili, tukapanga zamu ya usafi. Ya tatu ndipo mtu akauliza, "Kwani Shosho yuko wapi?" Alikuwa kitandani, mgonjwa sana. Tuliona pengo la kazi yake kabla ya kuona pengo lake mwenyewe. Nimetubu mbele za Bwana, na nimeomba familia yake msamaha. Watu wa Yafa walituma watu wawili wamwite Petro upesi. Sisi tulituma nani?

Wengine mmeniuliza: mbona Petro aliomba Dorkasi akaamka, nasi tuliomba Shosho akaenda? Sina jibu la kuwatosheleza. Ninachojua ni kwamba Petro aliwatoa watu wote, akapiga magoti. Uwezo haukuwa wake, ulikuwa wa Bwana. Na Bwana huyo huyo ndiye atakayewaleta wote waliolala katika Kristo (1 Wathesalonike 4:13–14). Tunalia, lakini tunalia tukiwa na tumaini.

Tufanye nini?

Juma hili fikiria mtu mmoja ambaye hujamwona ibadani. Usitume ujumbe tu, nenda umwone. Uliza jina lake kamili. Halafu fanya jambo moja jema ambalo hutalitaja kwenye ushuhuda.

Ufunguo wa Shosho bado uko mezani kwangu. Kazi yake haina mshahara wala kiti cha mbele. Anayeutaka aje auchukue kimyakimya.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ukiondoka leo, watu watainua nini mikononi kuonyesha ulikuwa pamoja nao?
2. Ni nani kanisani tunajua kazi yake, lakini hatujui hali yake?

Tuombe: Baba, asante kwa mama huyu. Tusamehe kwa kutomwona. Tupe macho ya kuwaona watu wako wangali hai, na mikono isiyotafuta sifa. Katika jina la Yesu, Amina.