Ushirika wa Wavuvi wa Pwani: Somo kwa Mkulima

Mkulima wa skimu, wewe unayepeleka maziwa au korosho katika chama chako, huenda ukauliza: habari za wavuvi zanihusu nini? Zakuhusu, kwa sababu shida ya mvuvi na shida yako ni ndugu.

Tazama mwaka wa mvuvi, kutoka Vanga hadi Kiunga. Pepo za kusi zikivuma, yapata Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo haviwezi kwenda mbali. Samaki huwa haba, na nyumbani watu wanataka kula. Mvuvi humwendea tajiri, akakopa fedha au nyavu. Kaskazi ikiingia, bahari hutulia na samaki huwa wengi. Lakini mvuvi amekwisha kufungwa. Lazima amwuzie tajiri yule yule, kwa bei aitajayo tajiri. Hata asiye na deni hana nguvu ikiwa hana barafu, maana samaki huoza upesi.

Chama cha ushirika husaidia kwa njia tatu:

1. Barafu. Samaki wakihifadhiwa vema, wanachama wanaweza kungoja mnunuzi mwenye bei nzuri, na kupeleka mzigo mmoja mkubwa mjini.

2. Mzani na daftari. Samaki hupimwa mbele ya mwenyewe, na kila kilo huandikwa.

3. Mkopo wa nyavu na mashine ya mashua. Deni hukatwa kidogo kidogo katika mauzo, wala halimfungi mtu kwa bei ya chini.

Tena Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka kwamba kila mwanachama ana kura moja tu, hata akiwa na hisa nyingi. Hivyo mwenye mtumbwi ana sauti sawa na mwenye mashua kubwa.

Lakini angalia hapa. Mwanachama akipewa nyavu na chama, kisha akateremsha samaki wake kando, akamwuzia mchuuzi kwa siri ili deni lisikatwe, chama hukosa fedha ya barafu na ya kumkopesha mwenzake. Wakifanya hivyo wengi, chama huanguka, na kusi ijayo wote hurudi kwa tajiri.

Basi nawe jiulize: maziwa yako ya jana jioni yalikwenda wapi?