Mume na Mke Wasiopenda Chakula Kimoja

 

Miongoni mwa mambo yaletayo fitina katika nyumba za Waislamu ni jambo ambalo watu huliona dogo hata wakaona haya kulipeleka kwa kadhi, nalo ni kukhitilafiana mume na mke katika ladha ya chakula. Mume hupenda mchuzi wenye pilipili nyingi, na mkewe pilipili humtoa machozi. Mmoja hali wali usiotiwa nazi, na mwenziwe nazi humchafua tumbo. Haya si makosa ya mtu. Ulimi wa mwanadamu hufundishwa na jiko la mamake tangu udogoni, na akioa au akiolewa haji na ulimi mpya. Lakini kwa kuwa chakula huandaliwa kila siku, neno baya lililosemwa penye sinia leo hukumbukwa kesho na kesho kutwa, mpaka likawa ugomvi wa jamaa wa pande mbili.

Na achukuliwe, kwa mfano, mtu wa Unguja aliyeoa Tabora kisha akamleta mkewe pwani. Mume amekua kwa wali wa nazi na mchuzi wa papa mkavu, na harufu ya papa kwake ni harufu ya nyumbani. Mke amekua kwa ugali wa mtama na mlenda. Siku ya kwanza papa apikwapo, mke huziba pua. Siku mlenda upikwapo, mume huutazama unavyovutika, akasema: "Bibi, hiki ndicho mlacho kwenu?" Mke naye hujibu: "Na nyinyi, Bwana, mnakula kilichooza." Hapo maneno yamekwisha kutoka katika chakula. Neno "kwenu" limewaingiza wazazi wa mke, na neno "kilichooza" limewaingiza wazazi wa mume, na wote hao hawapo hapo wala hawakukosa lolote.

Jibu la jambo hili limo katika khabari iliyothubutu katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwa mkewe Maimuna (r.a.), na pamoja naye alikuwapo Khalid bin Walid, ambaye mamake ni ndugu yake Maimuna. Ikaletwa nyama ya kuchoma ya dhabbu, naye ni mnyama wa jangwani mfano wa mjusi mkubwa, aliyeletwa kutoka Najd. Mtume aliponyosha mkono aliambiwa ni nyama gani, akauondoa mkono wake. Khalid akauliza kama nyama hiyo ni haramu. Mtume akajibu kuwa si haramu, ila haikuwapo katika nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haiitaki. Khalid akaivuta kwake akala, na Mtume akimtazama.

Na itazamwe vema adabu iliyomo humo. Nafsi yake tukufu ilikikataa chakula kile, wala hakujilazimisha kukila ili kumfurahisha aliyekileta. Lakini hakukigeuza kuwa haramu kwa sababu yeye hakitaki, wala hakukisema kwa ubaya, wala hakuamuru kiondolewe mbele ya macho yake. Tena sababu aliyoitoa ni ya ugeni wa kitu kile katika nchi yake, si ya uovu wa kitu chenyewe. Na Khalid naye hakuona haya kula mbele ya mtu asiyekila. Lau mume yule wa Unguja angalisema kuwa mlenda haukuwapo kwao na kwa hiyo hakuuzoea, angalikuwa amesema kweli, na mkewe asingalikuwa na la kulia.

Watu wengine hushika khabari ya Abu Huraira (r.a.), kuwa Mtume hakukitia aibu chakula kamwe, akikipenda hula, asipokipenda hukiacha, kisha wakadhani kuwa ni wajibu kunyamaza kabisa hata mke asijue mumewe hali nini. Sivyo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), alieleza katika sharhi yake ya Sahihi Muslim kuwa kukitia aibu chakula ni mfano wa kusema kina chumvi, au kichachu, au hakikuiva, na kuwa khabari ya dhabbu haimo katika hayo, kwani ni kuarifu tu kuwa mtu hakitamani chakula makhsusi. Basi kuarifu kunajuzu, na ni bora kufanywe kabla chungu hakijatelekwa kuliko baada ya mtu kutoka jasho jikoni.

Khabari ya harufu ina hukumu yake, kwani asiyependa ladha huiepuka kwa kutokula, ama harufu humfuata mpaka chumbani. Mtume alipohamia Madina alikaa nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari (r.a.), naye alikuwa akimpelekea chakula. Siku moja chakula kilirudi hakikuguswa, kwa sababu kilikuwa na kitunguu thaumu. Abu Ayyub akaogopa, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, bali Mtume anachukia harufu yake. Abu Ayyub akasema kuwa naye anachukia achukiacho Mtume. Na imethubutu vilevile kuwa aliyekula thaumu au kitunguu kibichi alitakiwa asiwaudhi watu msikitini, na kuwa mwenye kuvila avipike mpaka harufu ife. Ikiwa haki hii ni ya mtu wa safu moja katika sala, mwenye kulala kitanda kimoja naye ana haki zaidi. Kwa hiyo mla papa na ampikie uani, dirisha zikiwa wazi, kisha asugue mikono na kinywa kwa ndimu. Hilo si jambo zito.

Wako waume wakasirikapo hukimbilia sheria wakisema kuwa mke ni juu yake kupika apendacho mumewe. Na wasome basi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani hii, kumpikia mume si wajibu wa mke katika hukumu, bali ni wema wake na ada njema ya watu. Kilicho wajibu ni juu ya mume: tajiri mudi mbili za nafaka kila siku, wa kati moja na nusu, maskini moja, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi. Tena ni juu yake gharama ya kusaga na kuoka, na kitoweo kwa kadiri ya mji na majira. Hata mke akiwa mzoefu wa kula mkate mtupu, kitoweo ni haki yake. Ni kweli kuwa nafaka inayopasa ni ile inayoliwa na wengi katika mji, hivyo mke wa Tabora aliyehamia Unguja hawezi kumshitaki mumewe kwa ajili ya mtama. Lakini nyumba inayofika kupimiwa mudi imekwisha kuharibika zamani. Kuweka vyungu viwili mekoni, au kuponda pilipili kando ili kila mtu ajitilie, ni kazi ya dakika chache.

Kuna khitilafu ifananayo na ya ladha, nayo siyo. Mume wa Kishafi hula pweza na ngisi, na mkewe akiwa wa madhehebu ya Hanafi havili, kwani kwao hakuna kilicho halali katika viumbe vya bahari isipokuwa samaki. Huyo hadeki. Anafuata imamu wake, na kumcheka au kumtilia kwa siri katika mchuzi ni khiyana. Na mfano wake ni aliyekatazwa chumvi na tabibu kwa sababu ya kupanda damu.

Ama kuzoea, kunawezekana, lakini hakuji kwa amri. Fundi mmoja wa kushona nguo alimwalika Mtume (s.a.w.) kwa mkate wa shayiri na mchuzi wa mboga ya mung'unye na nyama kavu. Anas bin Malik (r.a.) alikuwapo, akamwona Mtume akiitafuta mung'unye pembezoni mwa sahani. Hakuna aliyemwamuru Anas kitu. Naye akaeleza kuwa tangu siku hiyo hakuacha kuipenda mung'unye.

Wallahu aalam.