Mataa ya Sitasio: Mazuti Inakwenda Wapi?



Wengi wenu munajua ile sitasio ya esanse iliyo pembeni ya barabara kubwa inayotoka Likasi kwenda Kolwezi, pale makamyo ya shaba yanasimama usiku. Munajua vilevile kwamba si makamyo peke yake yanasimama pale. Wafinalisti wengi wanaokaa kwao, si katika internati, wanakwenda kusoma chini ya mataa yake, sababu nyumbani kuran inakatika jioni, na katori ya telefoni haitoshi mutu kusoma kemia saa tatu nzima. Sisi wenyewe tumesoma pale, mgongo kwenye ukuta wa duka, daftari juu ya magoti.

Mwezi uliopita patroni wa sitasio alitangaza kwamba kila siku ya delestaji atazimisha grupe saa mbili ya usiku. Mutihani wa Serikali unakaribia. Tulikasirika, tukasema huyu baba ni mchoyo tu. Kwa kuwa ni sisi viongozi wa wanafunzi, wenzetu wakatutuma tumuombe. Mwalimu wetu wa fizika aliposikia, akasema: musiende na mikono mitupu, muende na hesabu. Somo hili linatoka katika hesabu ile.

Patroni alitupokea vizuri. Akasema: «Batoto, miye hapana adui ya masomo. Mazuti njo inanimaliza.» Akatuonyesha daftari ya zamu wake: usiku mmoja wa delestaji, kutoka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, litri 36. Tukanyamaza. Litri 36 ni mazuti ambayo imetembea karibu kilometa 2,000 katika makamyo, toka Dar es Salaam, kupita Zambia na Kasumbalesa, kusudi iungue hapa kwetu kuangazia kiwanja. Na sisi tunakaa si mbali na Mwadingusha, pahali barrage inatoa umeme tangu mwaka 1930! Lakini migodi na viwanda vinakula umeme mwingi, na hata ile laini ndefu ya kilometa 1,700 inayotoka Inga mpaka Kolwezi haikumaliza njaa ya umeme ya Katanga. Basi delestaji iko, na mwenye sitasio anajitafutia.

Tukaanza kuuliza: katika sitasio, nani anakula umeme? Sisi wote tulijibu bila kufikiri: pompi. Njo kazi ya sitasio, kuvuta mafuta. Tulikosa kabisa. Mota ya pompi iko na nguvu ya farasi moja, ni kusema karibu wati 750. Inatoa karibu litri 40 kwa dakika moja, kisha inasimama. Hata kama sitasio inauzisha litri 4,000 kwa siku, mota inazunguka dakika 100 tu. Wati 750 mara dakika 100, ni kilowati-saa 1 na robo. Ni kidogo sana.

Mataa sasa. Chini ya dari na pembeni ya kiwanja tulihesabu mataa 10 ya zamani, kila moja wati 400. Ni wati 4,000, ao kilowati 4. Mara saa 12 za usiku, inafanya kilowati-saa 48. Kisha kuna frigo mbili za vinywaji, zenye mulango wa kioo. Kila moja inavuta karibu wati 300 wakati inanguruma, na inanguruma karibu nusu ya wakati, usiku na muchana: kwa zote mbili kilowati-saa 7 na kitu kidogo. Jumla ya yote, karibu 56. Katika 56 ile, mataa peke yake inakamata 48. Pompi, ambayo inaleta feza, haifiki hata 2. Taa, ambayo haiuzishi kitu, njo inakula karibu yote. (Patroni alibisha: bila mwangaza, makamyo hayaingii. Ni kweli, lakini haiwaki saa zote kwa ajili ya makamyo.)

Hapa tukafanya kosa la pili, na tunataka mulijue, sababu ni kosa la watu wengi. Tulifikiri: tukizimisha mataa sita kati ya kumi, mazuti itapunguka zaidi ya nusu. Tukamuomba zamu ajaribu saa moja, tukapima katika tanki na kijiti chenye alama. Mataa yote yakiwaka, grupe ilikunywa litri 3 kwa saa. Mataa manne tu, ilikunywa litri 2 na nusu. Nusu litri tu! Tulipima mara mbili, tukidhani kijiti kinatudanganya.

Mwalimu akatueleza. Ile grupe ni ya kVA 40. Inaweza kubeba kilowati 32, na sisi tunaipa 4 na kitu. Ni sawa na kamyo ya tani kumi inayopeleka mfuko mmoja wa unga ku soko: mota kubwa inatumia mafuta kwa kujizungusha yenyewe, hata kama haibebi kitu. Karibu litri 2 kwa saa zinakwenda bure namna hiyo. Litri moja ya mazuti iko na moto wa kilowati-saa 10 hivi. Litri 3 ni 30. Sitasio inapata umeme wa 4 na kitu, moja kwa saba. Ile ingine yote inatoka kwa radiateri na kwa bomba ya moshi. Wekeni mkono mbele ya radiateri ya grupe usiku, mutasikia feza ya patroni inapita.

Kwa hiyo dawa haiko moja, na ufwatano wake ni lazima.

Kwanza kubadilisha ampuli. Taa ya LED ya wati 120 inatosha pahali pa ile ya 400. Mataa 10 sasa ni wati 1,200. Na kutoka saa nne ya usiku mataa manne yanatosha kwa zamu na kwa kamyo inayokuja. Tuhesabu: saa 4 na mataa 10, kisha saa 8 na mataa 4, ni kilowati-saa 8 na nusu na kitu, pahali pa 48. Frigo vilevile: moja ilikuwa inapigwa na jua la saa tisa, na kaochu ya mulango imepasuka, baridi inatoka muchana kutwa. Kuisogeza haikulipisha mutu. Tena usiku duka limefungwa. Soda zinaweza kukaa ndani ya frigo iliyozimishwa mpaka asubuhi.

Pili, kuacha ile grupe kubwa. Lakini isifanywe mbele ya ampuli, sababu grupe ndogo haitabeba mataa ya zamani, na frigo, na pompi wakati inaanza. Mota inapoanza inavuta mara nyingi zaidi kuliko inapozunguka. Mataa yakiisha kubadilishwa, grupe ya kVA 6 inaweza, na itakunywa karibu litri moja kwa saa. Pahali pa 36, usiku mzima ni 12. Tulihesabu kwa litri, si kwa franka, sababu franka inageuka na litri haigeuki.

Tatu njo jua. Watu wengi wanaanzia hapa, wanapiga hesabu ya pano kwa mataa ya zamani, wanaona bei, wanakimbia. Kwa kilowati-saa 48 za mataa ya zamani peke yake mutu angetafuta pano karibu 30. Kisha kupunguza, mahitaji yote ya siku ni 17, hata mutu akiacha frigo ziwake usiku. Tukikamata kwamba jua letu linatoa kama saa 5 za nguvu nzima kwa siku, na robo inapotea katika nyuzi, betri na joto, pano 10 za wati 450 zinatosha. Kwa mataa ya usiku peke yake, betri za kilowati-saa 11 hivi. Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano, itafanya kazi bila shida, lakini vumbi nyekundu ya makamyo itafunika pano, lazima zamu azioshe asubuhi mapema zingali baridi. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza mawingu ni mengi. Kwa hiyo grupe ndogo haiuzishwi.

Jambo moja hatutaki mucheze nalo. Moshi wa esanse, ule usioonekana, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kulala katika mashimo. Betri, suichi na nyuzi zisizofungwa vizuri haziwekwi karibu na pompi wala karibu na mifuniko ya matanki. Pano zitakaa juu ya duka, si juu ya dari ya pompi, mpaka fundi apime kama zile nguzo zinaweza kubeba uzito na upepo. Na sisi wasomaji, tangu sasa tunakaa upande wa duka tu, na hakuna kuchaji telefoni pale.

Tulipeleka karatasi zetu siku ya tano. Patroni alizisoma polepole, akaita bibi yake, akasoma tena. Alikubali kununua LED sita kwanza, na kuuliza bei ya grupe ndogo ku Lubumbashi. Juu ya pano hakujibu. Lakini tulipokuwa tunaaga, akasema: «Mpaka saa ine. Na mutoto mwenye atapita saa ine, miye mwenyewe nitamufukuza.»

Basi saa nne, wenzetu, wala dakika moja zaidi. Wale wa seksio ya elektrisite wanaotaka kusaidia kupima paa la duka tutakutana siku ya posho kisha kipindi cha mwisho. Mulete mita ndefu na buku la hesabu.