Kutafuta habari kwenye intaneti: tuulize vizuri mbele ya kushika panga



Siku hizi karibu kila koperative iko na mwanamemba mmoja ao wawili wenye telefoni ya intaneti. Ugonjwa ukiingia mu shamba, neno la kwanza tunasikia ni hili: "Angalieni ku telefoni." Ni vizuri. Lakini telefoni haijui shamba lako. Inajua tu maneno yale umeandika. Ukiuliza ovyo, itakujibu ovyo, na jibu la ovyo linaweza kukula franga za koperative kwa dawa isiyofaa kitu, ao kukufanya ung'oe shamba nzima wakati ilitosha kukata mashina machache.

Katika somo hili tutafuata ugonjwa mmoja tu, ule wa migomba kunyauka, tangu shambani mpaka kwenye jibu. Wenye kulima muhogo, mahindi ao kahawa watatumia njia ile ile.

1. TUANZIE SHAMBANI

Mbele ya kuwasha telefoni, simama karibu na mgomba na uangalie. Andika katika kayé mambo matano: ni mmea gani, ni sehemu gani inaumia (majani, shina, ua, matunda), alama gani unaona, ilianza lini, imekwisha kufika ku mashina mangapi.

"Ndizi zinakauka" si alama ya kutosha, sababu magonjwa mbalimbali yanakausha ndizi. Kuna mawili ambayo watu wanayachanganya mara nyingi:

- Mnyauko wa bakteria. Ndizi zinaiva mbele ya wakati na bila mpango: kidole kimoja ni cha manjano, jirani yake kingali kibichi. Ukipasua kidole, ndani kuna rangi ya kutu. Ukikata shina na kungoja kidogo, unaona usaha wa manjano unatoka. Mara nyingi ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, linanyauka la kwanza.

- Ugonjwa wa Panama. Huu unaletwa na kuvu ya udongo. Majani ya chini, yale ya zamani, ndiyo yanaanza kuwa manjano pembeni, kisha yanavunjika na kuning'inia kuzunguka shina kama kikwembe. Shina linaweza kupasuka karibu na udongo, na ndani yake kuna mistari ya kahawia. Usaha wa manjano hauko, na ndizi zenyewe hazina rangi ya kutu ndani.

Mtu mwenye kuandika "ndizi kukauka" atapewa magonjwa yote mawili na mengine juu yake. Mwenye kuandika "usaha wa manjano shina la mgomba" amekwisha kufika nusu ya njia. Hii nusu ya kwanza haiombi mega hata moja. Inaomba macho na kisu.

2. TUTAFUTE JINA, KISHA TUTAFUTE JIBU

Usitafute kila kitu mara moja. Tafuta mara mbili. Mara ya kwanza unaandika alama ulizoona, ili upate jina la ugonjwa. Mara ya pili unaandika jina lile pamoja na swali lako.

Jina moja halifiki popote. Ugonjwa huu Rwanda na Burundi unaitwa kirabiranya, na jina hilo linasikika pia upande wetu wa mpaka. Tanzania wanaandika mnyauko wa migomba. Kwa Kifaransa ni "flétrissement bactérien du bananier" ao "wilt bactérien". Kwa Kiingereza kifupi chake ni BXW. Wanasayansi wa lugha zote wanaandika Xanthomonas, jina la bakteria yenyewe. Kila jina linafungua mlango wake: Kiswahili kitakupa mafundisho machache lakini yenye kueleweka, Kifaransa kitakupa vitabu vya hapa Congo, na jina la wanasayansi litakupa kazi za watafiti wa kila inchi. Basi yaandike yote mu kayé. Kama hausomi Kifaransa muzuri, mpe kijana wa koperative mwenye kusoma shule, yeye atakusomea.

Unapoandika, acha maneno ya salamu na ya kubembeleza. Haina lazima kuandika "Naomba munisaidie, migomba yangu inakufa nifanye nini." Andika maneno yenye uzito tu: mmea, ugonjwa, jambo unalotaka, na inchi. Kwa mfano: bananier Xanthomonas lutte Kivu. Maneno 3 mpaka 5 yanatosha. Majibu yakikosekana, punguza neno moja. Majibu yakizidi, ongeza moja.

3. ALAMA NNE ZA KUCHUJA

Kutafuta ni kama kupepeta maharagi: uchafu lazima utoke. Alama hizi zinafanya kazi kwenye Google:

- Vinukuu. Ukiandika "wilt bactérien" ndani ya vinukuu, unaomba maneno yale yafuatane vile vile. Bila vinukuu, utapata pia kurasa ambamo maneno yale yametengana.

- Alama ya kutoa. Ukiandika bananier maladie -Panama, unaondoa kurasa zenye neno Panama. Alama ishikamane na neno, pasipo nafasi katikati.

- Neno site na nukta mbili. Ukiandika Xanthomonas bananier site:fao.org, unatafuta ndani ya nyumba ya FAO peke yake. Hapa tena usiweke nafasi nyuma ya nukta mbili.

- Neno filetype na nukta mbili. Ukiandika filetype:pdf, unapata vitabu na karatasi za mafundisho ambazo unaweza kuweka ndani ya telefoni na kusoma hata siku mutandao haiko.

Kuna pia sehemu ya vifaa vya kutafuta ambapo unaweza kuchagua wakati, kwa mfano mwaka mmoja uliopita. Faida yake tutaiona sasa hivi.

4. MASWALI MATATU MBELE YA KUAMINI

Jibu la kwanza ku ekrani si lazima liwe la kweli. Mara nyingine la juu kabisa limelipiwa na mufanyabiashara. Kwa kila ukurasa uliza: nani anasema? anasemea wapi? alisema lini?

Nani? Mtu mwenye kuuza kitu atasema kitu chake kinaponya. Juu ya mnyauko wa bakteria jambo liko wazi: hakuna dawa ya kupulizia yenye kuuponyesha. Ukiona ukurasa wenye numero ya telefoni na ahadi ya "dawa ya uhakika ya ndizi", funga ukurasa, usitume franga. Tafuta kwanza wenye kazi yao ni utafiti na mafundisho: INERA, ambayo iko na kituo kule Mulungu, Kivu ya Kusini, IITA, FAO, vyuo vikuu vya kilimo. Na hata hao, tafuta wawili wenye kusema jambo moja. Lakini kurasa kumi zenye kurudilia maneno yale yale, neno kwa neno, ni shahidi mmoja tu.

Wapi? Shauri la Ufilipino ao la Amerika ya Kusini linaweza kuwa la kweli kule na lisifae hapa. Angalia kama wanasemea ugonjwa wetu, aina za ndizi zetu, na milima yetu. Tarehe za kupanda zinabadilika pia: mwenye kuandika toka pwani ya Tanzania hafuate sezoni A na B za Kivu.

Lini? Hapa ndipo watu wengi wanapata hasara. Ugonjwa huu ulijulikana Etiopia tangu miaka ya 1960, ku mmea wa ensete, jamaa ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huo huo ulionekana kwetu, mu Masisi. Vitabu vya miaka ile ya kwanza vinasema kung'oa kitako chote cha mgomba, shina mgonjwa pamoja na watoto wake wote. Ni kazi ya kuvunja mugongo, na jamaa inabaki bila chakula. Kisha watafiti walijaribu njia nyepesi, hata hapa Kivu: kukata shina lile tu lenye alama, usawa wa udongo, na kurudilia kuangalia shamba kila juma. Waliona kwamba si kila mtoto wa kitako kile anaambukizwa. Basi mwenye kusoma kitabu cha zamani bila kuangalia mwaka, anaweza kung'oa kitako ambacho kingemlisha.

5. JIBU LENYEWE LINASEMA NINI

Tukilinganisha mafundisho ya watafiti, tunapata haya:

- Kata shina lenye alama mara tu unaliona, usawa wa udongo. Usiliburute kupita katikati ya migomba mizima.
- Pitisha panga kwenye moto ao kwenye maji ya Javel kila mara unatoka ku shina moja kwenda ku lingine. Panga chafu ndiyo gari la bakteria.
- Vunja ua dume mara kichana cha mwisho kinapotokea. Tumia kijiti chenye panda, si panga, sababu wadudu wanachukua bakteria ku maua yale.
- Usichukue watoto wa mgomba wa kupanda katika shamba lenye ugonjwa.
- Usifunge mbuzi wala ngombe katikati ya migomba.
- Fanyeni pamoja na majirani. Shamba moja safi katikati ya mashamba kumi ya ugonjwa halitadumu.

Shamba ambalo ugonjwa umekwisha kushika mashina mengi, msiamue peke yenu. Mwite moniteri wa kilimo.

6. ANGALIA VIPIMO

Mara nyingi kurasa za Kenya na Uganda zinahesabu kwa ekari. Hektari moja ni karibu ekari 2,47. Ukichukua kipimo cha mbolea cha ekari na kukiweka ku hektari, utaweka kidogo sana. Ukikosea upande wa pili, utatupa franga na kuunguza mimea.

Wenye kahawa wako na mtego wao. Bei ya arabika ya New York inaandikwa kwa senti za dola kwa livre, si kwa kilo. Kilo moja ni livre 2,2046. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, umeona 300. Ni dola 3 kwa livre, basi 3 × 2,2046 = dola 6,61 kwa kilo. Na hiyo ni bei ya kahawa ya kijani iliyo tayari kusafirishwa, si ya matunda mekundu. Kilo moja ya kahawa ya kijani inaomba karibu kilo 5 mpaka 6 za matunda, tena kuna gharama ya kusafisha, usafiri na kodi. Mwanamemba mwenye kujua hesabu hii hadanganywe na munuunuzi, na yeye pia hataomba bei isiyowezekana.

7. PICHA, MASHINI NA MEGA

Leo telefoni inaweza kutafuta kwa picha. Piga picha ya kidole kilichopasuliwa, karibu, mchana, na uitumie kupata majina ya kulinganisha. Usiichukue kama hukumu. Tena, mashini za kutafuta zinaandika siku hizi jibu fupi juu ya kurasa zote. Linasomeka muzuri, lakini mashini inaweza kuchanganya magonjwa mawili ao kuleta kipimo cha inchi ingine. Fungua ukurasa ambamo jibu limetoka, kisha urudilie maswali matatu.

Juu ya kulinda mega: andika maswali yote mu kayé mbele ya kufungua koneksio, zima video zinazojichezesha, pakua PDF moja nzuri na kuipitishia wengine kwa Bluetooth bila kulipa, na vitu vizito vipakuliwe siku mtu ameshuka mjini ku Wi-Fi.

KAZI YA KIKUNDI

Katika mkutano ujao, jigaweni watu wanne wanne, kila kikundi telefoni moja.

1. Chagueni tatizo moja lenye liko kweli mu shamba la mwanamemba mmoja. Andikeni yale mambo matano.
2. Tafuteni jina lake kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa jina la wanasayansi.
3. Leteni kurasa mbili zenye kukubaliana, na ya tatu ambayo mumekataa. Semeni sababu gani mumeikataa: nani, wapi, ao lini.
4. Mwandishi wa koperative aandike jibu ku ukurasa mmoja, pamoja na tarehe na jina la nyumba lilikotoka, alibandike mu depo.

Moniteri akifika, mpeni ule ukurasa aupitie mbele ya mtu yeyote kununua dawa ao kukata kitu. Tukifanya hivi kila sezoni, koperative itakuwa na kitabu chake yenyewe cha magonjwa ya kwao, na hata mwanamemba asiye na telefoni atapata kukisoma.