Collegium Maius: Makumbusho Yasomwayo Kama Mswada

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kusoma miswada. Ni nadra kwake kusoma nyumba. Hata hivyo, ipo nyumba moja mjini Kraków, kusini mwa Polandi, isiyoeleweka ipasavyo mpaka isomwe kama mswada wa kale uliopitia mikono mingi. Hiyo ni Collegium Maius, jengo kongwe zaidi la Chuo Kikuu cha Jagiellonian, ambalo sasa ni makumbusho ya chuo hicho.

Chuo chenyewe kiliasisiwa na Mfalme Kazimierz wa Tatu mwaka wa 1364, kikazorota baada ya kifo chake. Kilichokifufua ni wasia. Malkia Jadwiga, aliyefariki mwaka wa 1399, aliacha vito vyake viwe mali ya chuo, na mwaka uliofuata mumewe, Mfalme Władysław Jagiełło, akakifungua upya na kukipatia nyumba hii. Ua wake wenye matao ni wa mwishoni mwa karne ya 15, enzi ambayo Copernicus alisomea huko (1491 hadi 1495).

Mgeni hupitishwa katika maktaba ya kale na chumba ambamo maprofesa walikula pamoja. Panapostahili kituo kirefu ni kwenye vyombo vya falaki. Lipo tufe la mwaka wa 1510 hivi, miongoni mwa matufe ya awali kabisa kuonyesha Amerika. Ipo pia asturlabu, chombo cha kupimia kimo cha nyota, iliyoundwa Córdoba, Andalusia, mwaka wa 1054, na maandishi yake ni ya Kiarabu. Msomi wa Kiswahili hana haja ya kushangaa: Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zuhali ni majina aliyoyapokea kutoka chemchemi iyo hiyo.

Ukurasa mzito zaidi ni wa karne ya 20. Tarehe 6 Novemba 1939, wahadhiri waliitwa kusikiliza hotuba ya afisa wa Kijerumani katika jengo jingine la chuo, Collegium Novum. Ulikuwa mtego. Watu 183 walitiwa mbaroni papo hapo, na wengi wao wakapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Mwanahistoria wa sheria Stanisław Estreicher alifia humo Desemba ya mwaka huo.

Mwanawe, Karol Estreicher, mwanahistoria wa sanaa, ndiye aliyeongoza ukarabati wa Collegium Maius kuanzia 1949 hadi 1964, na ndiye aliyeifanya makumbusho. Hapa ndipo penye mjadala. Katika karne ya 19 jengo lilikuwa limevikwa sura iliyoiga mtindo wa Kigothi. Estreicher aliiondoa, akairejesha sura aliyoiamini kuwa ya kale zaidi. Alitenda, basi, kama mhariri anayefuta nyongeza za wanukuzi ili amfikie mtunzi. Je, nyongeza hizo si sehemu ya historia ya mswada? Wahariri wa tendi za pwani yetu wanalijua swali hilo vyema, na pengine wangemlaumu. Lakini wangepaswa pia kuzingatia kwamba mhariri huyu alifanya kazi katika chuo ambacho walimu wake walichukuliwa kwa siku moja, babake akiwa miongoni mwao. Aonacho mgeni uani leo ni karne ya 15 jinsi mwana huyo alivyoisoma.