Picha Nyeusi na Nyeupe: Gawia Kila Wino Kazi Yake

Chapa picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya wino, itazame chini ya taa ya tyubu, kisha itoe nje juani. Mara nyingi kijivu kilichoonekana safi ndani kitaingia ukijani au uwaridi. Macho yako hayana kosa. Draiva ya kawaida ya printa hutengeneza kijivu kwa kuchanganya sayani, majenta na manjano pamoja na nyeusi, na rangi hizo tatu hazirudishi mwanga kwa namna moja chini ya kila taa. Ukitaka kijivu kisichoyumba, inyang'anye draiva uamuzi huo, uamue mwenyewe kila wino utoke kiasi gani.

Programu ninayoipendekeza ni QuadTone RIP ya Roy Harrington, ambayo huendesha printa nyingi za picha za Epson wino mmoja mmoja. Hakikisha kwanza kwamba printa yako imo kwenye orodha yake. Mfano mzuri ni Epson SC-P800, kwa kuwa ina nyeusi ya karatasi za kung'aa, nyeusi ya karatasi zisizong'aa, nyeusi hafifu, na nyingine hafifu zaidi. Hizo nyeusi ndizo zitakazobeba picha.

Kabla ya lolote, chapa ukurasa wa kukagua nozeli. Mstari mmoja ukikatika, safisha kichwa cha printa, la sivyo vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vya uongo.

Sasa fungua sehemu ya kupima wino, uchape ukurasa wa ngazi: kila wino una safu yake ya vyumba, kuanzia sifuri hadi asilimia 100. Iache karatasi ikauke hadi kesho yake. Wino mbichi husomeka tofauti na uliokauka. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiparukie. Shika safu ya nyeusi karibu na dirisha, fuata vyumba vyake kimoja kimoja. Mwanzoni kila hatua inaongeza giza. Kisha unafika mahali ambapo chumba kinachofuata si cheusi zaidi. Wakati mwingine kimefifia, kimeanza kumeremeta vibaya, au wino umevuja kingoni. Hapo karatasi imeshiba. Rudi hatua moja nyuma: hicho ndicho kikomo cha wino kwa karatasi hiyo. Ukipita hapo unamwaga wino bure na kuziba maelezo ya vivuli. Mwenye spektrofotomita, kifaa cha kupima rangi, atasoma namba. Asiye nayo atumie skana ya mezani, mradi ayazime marekebisho yote ya kiotomatiki.

Baada ya kikomo, gawanya kazi. Tafuta ni asilimia ngapi ya nyeusi inayolingana kwa giza na nyeusi hafifu iliyofika kikomo chake, kisha fanya hivyo kwa ile hafifu zaidi. Ukiziingiza namba hizo, programu itajua kwamba nyeusi hafifu zaidi ishike maeneo angavu, nyeusi hafifu ishike ya kati, na nyeusi yenyewe iingie vivulini. Faida yake utaiona kwenye ngozi na mawingu: matone ya wino hafifu hayaonekani kwa jicho, ilhali nyeusi kali ikitawanywa mahali peupe huonekana kama mchanga.

Nyeusi hizi hutokana na kaboni, na kwenye karatasi nyingi huelekea ukahawia. Wapo wanaoupenda ukahawia huo, nami ni mmoja wao kwa picha za sura za watu. Usipoutaka, ongeza sayani na majenta kidogo mno katika maeneo ya kati. Manjano iache kwenye sifuri.

Hatua ya mwisho ni kunyoosha mkunjo wa kijivu. Chapa ngazi ya vyumba 21, ikauke, isome, uingize vipimo; programu itarekebisha ili kila hatua ya kijivu iwe na umbali sawa na jirani yake. Usilifanye hili kabla ya kuweka vikomo. Ukibadili kikomo baadaye, unyooshaji wote umeharibika, rudia.

Unapochapa, peleka faili ya kijivu ya biti 16, na uzime usimamizi wa rangi mahali pengine pote, la sivyo picha itarekebishwa mara mbili na vivuli vitazama.

Hifadhi faili ya mipangilio kwa jina la karatasi, aina ya nyeusi na tarehe. Mipangilio ya karatasi ya pamba isiyong'aa haifai kwa karatasi ya kung'aa, hata kwenye printa ileile. Kwa hiyo chagua karatasi moja unayoipata kwa urahisi, uipime vizuri, uchape kazi zako juu yake kabla ya kugusa nyingine.