Kipupwe kimeingia: usiwazibie kuku hewa

Kuanzia Juni hadi Agosti, Njombe, Makete na Mufindi hukutwa na ukungu wa asubuhi, na kwenye uwanda wa Kitulo, takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, sakitu hutanda juu ya nyasi. Wafugaji wengi wenye kuku wachache nyuma ya nyumba hukimbilia kuziba kila tundu la banda kwa viroba, matope na maturubai. Nia yao ni njema, lakini kuziba huko ndiko kunakowaumiza kuku. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili anaimudu baridi ya nyanda zetu za juu. Kinachomshinda ni unyevu.

Joto la mwili wa kuku ni karibu nyuzi 41 za Selsiasi, na akitutumua manyoya hubakiza hewa ya joto karibu na ngozi. Manyoya yakilowa, kinga hiyo imekwisha. Sasa fikiria banda lililozibwa usiku kucha. Kila kuku anatoa mvuke kwa pumzi, na sehemu kubwa ya kinyesi chake ni maji. Mvuke ukikosa pa kutokea hugeuka matone chini ya bati na kudondokea maranda. Maranda yakilowa, kinyesi huchacha na kutoa amonia, gesi inayochoma macho na kuharibu njia ya hewa, na hapo mafua hupata mlango. Ingia bandani alfajiri kabla hujafungua chochote, uchuchumae hadi usawa wa kichwa cha kuku. Macho yakikuwasha, ujue kuku wamelala katika amonia hiyo usiku mzima. Kisha fumbata maranda: yakibaki donge mkononi, yaondoe na uweke makavu, au pumba za mpunga, kina cha sentimita 10 hivi.

Kuna atakayeuliza: nikiacha matundu, upepo si utawapiga? Utawapiga kama tundu liko usawa wa miili yao. Miezi hii upepo wetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo upande huo ziba vizuri kuanzia chini hadi juu ya vichwa vya kuku waliolala kwenye fito. Upande wa pili acha nafasi ya upana wa kiganja chini ya paa, uifunge kwa wavu mgumu ili kicheche asipite. Hewa ya joto yenye mvuke hupanda na kutokea huko, nao kuku hawaguswi. Fito nazo ni lazima, maana kuku anayelala sakafuni hulalia unyevu. Jioni waongezee punje za mahindi, kwa kuwa usagaji wa chakula huzalisha joto mwilini.

Kuna pia watakaosema vifaranga hawaimudu baridi, na hoja hiyo ni ya kweli. Hawa hawana manyoya ya kujikinga, na wasiolelewa na mama wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha upunguze nyuzi 3 hivi kila wiki. Wakirundikana, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema, joto limezidi. Hata hivyo, bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, nayo ipitishe hewa, hasa ukitumia jiko la mkaa. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na inayoweza kumuua hata mtu anayewalinda. Jiko liwashwe nje hadi moshi uishe, na likiwa ndani, tundu la juu lisifungwe kamwe.

Wengine husema kila kipupwe wanazika kuku, basi baridi inaua. Vifo vingi vya ghafla vya msimu huu husababishwa na kideri, ugonjwa wa virusi unaovuma sana miezi ya kiangazi, hii ikiwemo, na hakuna turubai linaloweza kuuzuia. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3, kwa kuku wazima tu, kabla ugonjwa haujafika kijijini. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata yako wiki hii, mkubaliane na majirani mchanje siku moja, na leo jioni, kabla hujafunga banda, ondoa kiroba kilichoziba chini ya paa.